Mwinuko na kasi ya ndege ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanafunzi wa urubani, wenye leseni mpya, na yeyote aliyezoea viwanja vya pwani ambaye sasa anaanza kuruka bara. Mifano mingi ni ya Cessna 172S yenye injini ya farasi 180 na uzito wa juu wa pauni 2,550 (kilo 1,157). Ukiwa na ndege nyingine kanuni ni zile zile, ila tarakimu zichukue kwenye kitabu cha ndege yako. Kasi zote ni kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Mwinuko ni kwa futi, kwa kuwa ndivyo altimita (saa za mwinuko) zinavyosoma.

Mshale wa kasi unapima nini hasa?

Haupimi kasi, unapima msukumo wa hewa. Bomba la pitoti lililo chini ya bawa la kushoto hukinga hewa inayokuja usoni. Tundu dogo ubavuni mwa ndege huchukua mgandamizo wa hewa iliyotulia. Ndani ya saa ya kasi kuna kibonge cha bati jembamba kinachotuna kadiri tofauti ya hizo mbili inavyokua, na kutuna huko ndiko kunakousukuma mshale. Aliyechora tarakimu za saa ile alichukulia hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15 za Selsiasi na mgandamizo wa hektopaskali 1013.25. Hewa ya namna hiyo ina kilo 1.225 kwa kila mita moja ya ujazo.

Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi. Ili kibonge kitune kiasi kile kile, ndege lazima ikate hewa kwa kasi zaidi. Kwa hiyo mshale ukibaki kwenye 100, kasi halisi inazidi kukua kadiri unavyopanda.

Kasi ziko ngapi, na ipi ni ya kazi gani?

Kuna kasi inayosomeka, ile unayoiona kwenye saa. Kuna kasi iliyosahihishwa, ambayo ni hiyo hiyo baada ya kuondoa makosa yanayotokana na mahali pitoti na tundu vilipowekwa. Kuna kasi halisi, ambayo ndege inakata nayo hewa. Mwisho kuna kasi ya ardhini, yaani kasi halisi ukijumlisha au kutoa upepo.

Kuruka, kutua na kukaa mbali na kustoli (bawa kuachia hewa na kuacha kubeba) ni kazi ya kasi inayosomeka. Hesabu za safari na mafuta ni za kasi halisi na ya ardhini. Ukizichanganya angani utaumia; ukizichanganya kwenye karatasi utachelewa tu, au mafuta yatakupungukia.

Nikitua Wilson (uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi), niongeze kasi kuliko ninayotumia Dar es Salaam?

Hapana. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye majibu mengi ya kubahatisha vijiweni.

Bawa na pitoti vinakula hewa ile ile. Hewa nyepesi inapopunguza ubebaji wa bawa, inapunguza pia msukumo ndani ya kibonge, kwa kiasi kile kile. Ndiyo maana 172S yenye mzigo kamili, flapsi (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa juu, kitabu kinasema itastoli mshale ukiwa 48, na ni 48 Dar na 48 Wilson. Kinachobadilika ni kasi halisi. Kwenye ndege hii 48 ya mshale ni 53 iliyosahihishwa. Mchana wa joto hiyo ni kama noti 55 halisi Dar, na kama 60 Wilson.

Sasa chukua kasi ya kuingilia ya 65 kwenye mshale, pasipo upepo, na tuyaache kando yale makosa madogo ya saa. Dar ardhi inakupita kwa noti 67 hivi. Wilson inakupita kwa 73. Aliyezoea Dar akichungulia nje anaona nyasi zinakimbia kupita kiasi, mkono unavuta usukani bila yeye kujua, mshale unashuka 60, 57, 54, na bado macho yanamwambia anakwenda kasi. Hapo ndipo ndege inapoachia ikiwa futi chache juu ya lami. Kosa la pili ni la kinyume: rubani ameambiwa hewa ni nyembamba, anajiongezea noti 10 "za usalama", ndege inaelea na kuumaliza uwanja.

Shika tarakimu ya kitabu. Ongeza kwa sababu ya upepo wa vishindo tu, kwa kawaida nusu ya kishindo: upepo ukiwa 10 unaoruka hadi 18, ongeza 4.

Kama mshale ni ule ule, mbona ninahitaji uwanja mrefu zaidi?

Kwa sababu breki hazijui mshale. Zinazima kasi ya ardhini, na nguvu ya kuzimwa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kasi halisi ikizidi kwa asilimia 12.6, kama kwenye mfano wa Wilson hapa chini, nguvu hiyo inazidi kwa asilimia 27, na umbali wa kusimama unarefuka kwa kiasi kama hicho.

Kuruka ni kubaya zaidi, maana mambo matatu yanakuja pamoja: lazima ufikie kasi halisi kubwa zaidi, injini ina nguvu pungufu, na propela inasukuma hewa nyepesi. Usawa wa bahari, siku ya kawaida, kitabu cha 172S kinatoa futi 960 za kukimbia ardhini na futi 1,630 hadi kuvuka kizuizi cha futi 50. Wilson mchana hesabu zaidi ya mara moja na nusu ya hapo, na hiyo ni lami kavu, ndege safi na rubani asiyekosea. Nyasi kavu kitabu kinaziongezea asilimia 15 ya umbali wa kukimbia. Nyasi ndefu au mbichi hazimo kwenye jedwali kabisa, na viwanja vingi vya mbugani ni vya namna hiyo msimu wa mvua.

Mwinuko wa msongamano unahesabiwaje?

Ni mwinuko ambao ndege "inahisi" iko, hata kama magurudumu yako ardhini. Hatua ni hizi:

1. Weka 1013 kwenye dirisha la altimita usome mwinuko wa mgandamizo. Kisha rudisha QNH (mgandamizo wa siku hiyo ukipimwa kwa usawa wa bahari). Kuna wanaosahau na kuruka na altimita ya uongo.
2. Tafuta joto la kawaida la mwinuko huo: nyuzi 15, toa nyuzi 2 kwa kila futi 1,000.
3. Toa joto hilo kwenye joto lililopo nje.
4. Zidisha jibu kwa 120, ujumlishe na mwinuko wa mgandamizo.

Wilson iko kama futi 5,500. QNH ikiwa 1020, mwinuko wa mgandamizo ni kama 5,300. Joto la kawaida hapo ni nyuzi 4.4. Nje kuna nyuzi 26, tofauti ni 21.6. Zidisha kwa 120 upate kama 2,600. Jumla ni futi 7,900. Gurudumu liko 5,500, bawa na injini viko karibu 8,000.

Dar, chini ya futi 200, QNH 1010, nyuzi 30: utapata kama 2,100. Hata pwani si usawa wa bahari wa kitabuni.

Unyevu nao unahesabiwa?

Kwenye kanuni hiyo haumo. Mvuke ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo siku ya fukuto la pwani ongeza futi mia tatu hadi tano kichwani. Bara, kwenye baridi na ukavu, usijisumbue.

Ile kanuni ya "asilimia 2 kwa kila futi 1,000" ni sahihi?

Inategemea unaipachika kwenye mwinuko upi. Ukiitumia kwenye mwinuko wa msongamano inazidisha: kwa futi 7,900 inakupa asilimia 15.8, wakati jibu la kweli ni 12.6. Huko tumia asilimia 1.6. Ukiitumia kwenye mwinuko unaosoma kwenye altimita, kwenye anga letu lenye joto kuliko lile la kitabuni, inakaribia sana. Futi 10,000 nje kuna nyuzi 8: kanuni inasema ongeza asilimia 20, hesabu kamili inasema 19. Kwa kazi ya angani hiyo inatosha.

Saa nyingine za kasi zina pete ya kuzungusha. Linganisha mwinuko wa mgandamizo na joto la nje kwenye dirisha la juu, halafu soma kasi halisi kwenye ukingo wa chini penye mshale. Ndege zenye skrini ya G1000 zinakuandikia TAS, yaani kasi halisi, zenyewe.

Mikscha nifanye nini kabla ya kuruka kutoka uwanja wa juu?

Kitabu cha 172S kinasema wazi: uwanja ukizidi futi 3,000, punguza mafuta kwenye mikscha (kishikio cha mchanganyiko wa mafuta na hewa) hadi injini itoe mizunguko mingi kuliko yote huku throto (kishikio cha nguvu) ikiwa mwisho na ndege imesimama. Dodoma, Arusha, Entebbe, Kigali, Nairobi, Eldoret, kote huko kanuni hii inakuhusu.

Simama mahali pasipo changarawe, maana propela itazinyonya na kujing'ata. Shika breki, peleka throto mwisho taratibu, vuta mikscha polepole ukiangalia mizunguko. Itapanda kidogo, itasimama, kisha itaanza kushuka na injini kukohoa. Rudisha ndani kidogo mpaka ikae laini, uiache hapo.

Anayeacha mikscha imesukumwa hadi mwisho Eldoret, karibu futi 7,000, anaimwagia injini petroli isiyo na hewa ya kuiunguza. Dalili ni mtetemo, mizunguko pungufu, na masizi meusi kwenye plagi. Mara nyingi mtu kama huyo anaona kushuka kwa mizunguko anapojaribu magineto (vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za plagi), anarudisha ndege karakana akidai magineto mbovu, kumbe ni mikscha.

Orodha ya kutua nayo ina mtego. Imeandikwa "mikscha: ndani", na mkono unaisukuma kwa mazoea. Uwanja wa juu iache pale inapotoa nguvu, kwa sababu ukilazimika kughairi kutua utaihitaji nguvu yote, na papo hapo.

Kwa nini ndege yangu haipandi, na mshale uko sahihi?

Injini isiyo na turbo (kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kupanda kunatokana na nguvu inayobaki baada ya ile ya kuishikilia ndege angani, na hiyo inayobaki ndiyo inayoliwa kwanza. 172S hupanda futi 730 kwa dakika usawa wa bahari, na kufikia futi 14,000 imebakiwa na 100 tu. Ukichora mstari mnyoofu kati ya hizo mbili, kwa mwinuko wa msongamano wa 7,900 unapata kama futi 370 kwa dakika.

Tazama maana yake kwa anayetoka Wilson kuelekea Magadi. Vilele vya Ngong viko kama futi 8,070, na viko kilomita 20 hivi kutoka uwanjani. Ili uvivuke na akiba ya futi 1,000 unahitaji kupanda kama futi 3,600. Kwa mzigo kamili na joto lile, kasi ya kupanda inazidi kufifia unapokwenda, wastani ni kama 290 kwa dakika, yaani dakika 12. Kwa noti 85 halisi, dakika 12 ni kilomita 31. Milima unaifikia kabla hujamaliza kupanda. Ama uzunguke kwenye ncha ya milima, ama upande kwa kuzunguka kabla ya kuielekea, ama uondoke asubuhi na mzigo mdogo. Na ukirudi kutoka upande wa Bonde la Ufa, upepo wa mashariki unaovuka milima huleta hewa inayoshuka upande wako. Usiwe unaviendea vilele kwa futi mia chache.

Kasi za kupandia hubadilika na mwinuko?

Hizi ndizo pekee kati ya kasi za kila siku zinazobadilika kwenye mshale. Ile ya kupanda haraka kwa dakika hushuka: 74 usawa wa bahari, 72 futi 10,000. Ile ya kupanda kwa mwinamo mkali hupanda: 62 chini, 67 futi 10,000. Zikikutana, ndege imefika dari lake na haipandi tena hata inchi. Ndiyo maana hakuna anayekupeleka juu ya Kibo, futi 19,341, kwa 172.

Mwinuko gani ndege inakwenda kasi zaidi kwa nguvu ya safari?

Kwa injini ya kawaida, kati ya futi 7,000 na 9,000, pale throto ikiwa mwisho inapotoa asilimia 75 tu ya nguvu. Takwimu za 172S zinapendeza hapa: kasi yake ya juu kabisa usawa wa bahari ni noti 126, na kwa asilimia 75 ya nguvu kwenye futi 8,500 ni 124. Umepoteza noti 2 na umeokoa robo ya nguvu. Mshale hapo utasoma kama 109, na mgeni atadhani ndege inasuasua.

Juu zaidi ya hapo nguvu inapungua haraka kuliko hewa inavyokusaidia. Safari fupi pia haifai kupanda sana. Dakika ulizopoteza ukipanda kwa noti 75 hazirudi. Na kumbuka upepo: noti 20 za usoni zinafuta faida yote ya mwinuko.

Yenye turbo hutunza nguvu yake hadi mwinuko fulani, kwa hiyo kasi halisi inaendelea kukua. Caravan na turbini yake nayo ina hesabu zake. Usiipime kwa kanuni za 172.

Kona zinaathirika?

Ndiyo, na watu wachache wanalifikiria. Upana wa kona hufuata kipeo cha pili cha kasi halisi. Ukiinamisha ndege nyuzi 30 kwa 70 kwenye mshale, usawa wa bahari nusu-kipenyo ni kama mita 230. Kwenye mwinuko wa msongamano wa 7,900 ni kama mita 290. Kugeuka nyuma kunakula karibu mita 120 zaidi za upana, na ndani ya bonde la Usambara mita hizo huenda zisiwepo.

Kasi ya kutovukwa kamwe, ule mstari mwekundu, nayo inabaki palepale?

Kwenye 172S mstari uko 163 na unaufuata ulivyo. Lakini mtetemo wa hatari wa mabawa na mkia hufuata zaidi kasi halisi. Kwa hiyo ndege zisizo na injini huwa na jedwali linaloshusha kikomo cha mshale kadiri ya mwinuko, na ndege za RV zinazojengwa na wamiliki wenyewe zina kikomo cha kasi halisi. Kama unaendesha mojawapo, kushuka kwa kasi kutoka juu ukitegemea rangi za saa ni kujitafutia balaa.

Mshale ukidanganya, nitajuaje?

Kwanza jua kilichoziba. Pitoti ikiziba kabisa pamoja na tundu lake la kutolea maji, mshale unageuka altimita: ukipanda unapanda, ukishuka unashuka. Ikiziba mbele tu, unaporomoka kuelekea sifuri. Tundu la hewa tulivu likiziba, altimita inaganda, na mshale unasoma pungufu ukipanda juu ya pale lilipozibia, unazidisha ukishuka chini yake. Hali hii ya mwisho ndiyo mbaya wakati wa kutua.

Kwetu sababu kubwa si barafu, ni nyigu wa udongo. Ndege ikilala siku mbili bila kifuniko cha pitoti, utakuta kidonge cha udongo kilichokauka ndani ya mdomo wa bomba. Angalia kwa macho, na kwa tochi. Usipulize kwa mdomo wala kompresa huku bomba limeunganishwa na saa. Kile kibonge cha bati hakihimili. Mwite fundi afungue.

Wakati wa kukimbia kuruka, hakiki mshale umeamka mapema. Uwanja wa juu utaamka ukiwa mbele zaidi kwenye lami kuliko ulivyozoea, ila ukipita ulipopanga na bado umelala, funga throto usimame.

Angani, naweza kutumia kasi ya GPS badala yake?

Kwa dharura, ndiyo, ukijua inakupa kasi ya ardhini. Kwanza weka nguvu na mkao wa pua unaoujua. Kisha ongeza asilimia za mwinuko na uondoe upepo: Wilson mchana pasipo upepo, GPS inapaswa kusoma 73 unapotaka 65. Anayeshika 65 ya GPS amepungukiwa noti 7. Kwenye 172 kuna pia valvu ya hewa ya akiba ya ndani ya kabini. Ukiivuta, mshale na altimita kwa kawaida husoma juu kidogo kuliko ilivyo.

Kwenye fomu ya mpango wa safari niandike kasi ipi?

Halisi, kisanduku cha 15, herufi N na tarakimu nne: noti 115 ni N0115.